Hasira za Nzilani na Miguu ya Mulwa

Nzilani ana hasira. Watu wa huku kwetu Mbooni watakuambia hivyo kabla hawajakuambia ana watoto wangapi au shamba lake liko upande gani wa kilima. Aliwahi kumfukuza afisa wa kilimo aliyekuja kumfundisha kupanda maharagwe, kwa sababu afisa mwenyewe alikuwa amesimama juu ya maharagwe. Mimi ni jirani yake kwa miaka thelathini. Nilikuwa pia katibu wa akina mama katika kanisa letu. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia mwenyewe, na mengine, naona haya kusema, niliyafanya mimi.

Kwao ni Kanyangi, kule chini Kitui, kwenye joto. Huku kilimani aliletwa na bwanake, Mulwa, fundi wa mawe. Mwaka wa themanini na tano Mulwa alikwenda Kanyangi kujenga ghala la sokoni. Jumamosi mchana mafundi walikuwa hawafanyi kazi, na palikuwa na ukumbi ambapo bendi ya magitaa ilikuwa ikipiga. Vijana walicheza wawili wawili, mkono begani, mkono mgongoni. Nzilani alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Anasema wavulana wengi walikushika kama wanakamata mbuzi aliyetoroka. Huyu fundi mgeni hakumshika hivyo.

"Alikuwa ananiuliza kwa mkono," aliniambia. "Kidole kimoja tu hapa mgongoni. Kinauliza, twende huku? Nikitaka naenda, nisipotaka nabaki. Nyumbani kwetu hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza kitu. Ni kuambiwa tu, teka maji, funga ng'ombe. Sasa huyu ananiuliza, na sisi wote tunazunguka, na hatuangalii chini."

Walicheza kila Jumamosi mpaka ghala likaisha. Mwezi wa pili baada ya hapo wazee walikutana, na mwaka uliofuata Nzilani alikuwa mke wa mtu huku kwenye baridi na njia za kupanda na kushuka.

Mwaka wa tisini na tatu wakaokoka, wote wawili siku moja, kwenye mkutano wa injili uwanja wa shule. Wakaacha pombe ambayo Mulwa alikuwa akionja. Wakaacha ugomvi na majirani, ingawa Nzilani hakuuacha wote. Wakaacha na kucheza. Hakuna aliyewaketisha akawaambia wasicheze. Ilieleweka tu. Mtu aliyeokoka anapiga makofi na kuruka mbele za Bwana, peke yake, macho yamefungwa. Hashiki mtu kiuno. Mulwa akajenga kanisa letu. Ninaposema alijenga, sisemi alichanga. Namaanisha kila jiwe la ukuta wa mbele lilipita mikononi mwake, na baada ya ukuta kusimama wakamfanya mzee wa kanisa.

Halafu mikono ile ikaanza kutetemeka.

Ilianza na mwiko wake wa kazi. Ulikuwa ukimwanguka, anauokota, unaanguka tena. Kisha mwandiko wake ukawa mdogo hata risiti zake hazisomeki. Kisha uso. Mulwa alikuwa mtu wa kucheka kwa macho kabla ya mdomo, na sasa uso ukakaa tu, kama pazia limeshushwa. Watu wakasema yao. Walisema amerudia pombe kwa siri. Walisema kuna mtu wa Nuu ambaye Mulwa alimpokonya kazi ya kisima na sasa anamlipiza. Dada yake Mulwa, Kasyoka, mjane anayekaa boma la pili, alileta mtu wa kuombea nyumba pembe zote nne, na Nzilani akamtoa huyo mtu kwa mwiko wa ugali. Ilichukua miaka miwili na hospitali tatu mpaka daktari mmoja akamtazama akitembea kutoka mlangoni hadi kitini na kusema ni ugonjwa unaoitwa Pakinsoni, wa ubongo, hauna tiba ya kuumaliza, lakini kuna dawa za kuusukuma nyuma.

"Miaka miwili!" Nzilani alikuwa akimwambia kila mtu anayeingia kumpa pole. "Mtu anatetemeka mbele yenu miaka miwili, nyinyi mnatafuta mchawi!"

Dawa zilisaidia mkono. Miguu haikusikia sana. Mulwa alikuwa anatembea vizuri, halafu akifika mlangoni miguu inaganda. Si kwamba hataki. Mwili wa juu unaenda, miguu imebaki, kama mtu aliyekanyaga saruji mbichi ikamshika. Kwa nyumba ya tambarare hilo ni taabu. Kwa boma la Mbooni, ambapo kutoka nyumbani hadi chooni ni kushuka ngazi za mawe, ni hatari ya kila siku.

Basi asubuhi moja, mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili, Mulwa aliganda kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha chai mkononi. Chai ikamwagika kifuani. Nzilani alikuwa ndani, moshi machoni, na alikuwa amemwambia mara tatu akae sebuleni.

"Toka hapo!" alimpigia kelele. "Ingia ama utoke, chagua moja!"

Nzilani akamvuta mkono. Mwili ukaja, miguu haikuja, na nusura wote wawili waanguke juu ya meko. Akamwegemeza kwenye mwimo wa mlango, akasimama pale akihema, hasira zimempanda mpaka masikioni. Redio ilikuwa inalia juu ya kabati, kile kipindi cha nyimbo za zamani cha Kikamba. Anasema hakufikiria. Alichukua kikombe akakiweka chini, akachukua mkono wa kulia wa mumewe akauweka mgongoni pake, ule wa kushoto akaushika hewani, na akamwambia, kwa hasira ileile:

"Nishike. Nishike kama mwanaume."

Wakasimama. Gitaa likapiga mara moja, mara mbili. Na Nzilani akasikia kidole kimoja mgongoni kinamuuliza.

Mguu wa kushoto wa Mulwa ukatoka. Ukafuata wa kulia. Wakavuka kizingiti kinyumenyume, yeye Nzilani akirudi nyuma, Mulwa akija mbele, wakaingia jikoni, wakazunguka meko, wakatoka tena kwa mlango uleule ambao dakika moja iliyopita ulikuwa umemshinda. Wakaenda hadi uani penye kuku. Wimbo ulipoisha Mulwa alikuwa amesimama wima, shati limelowa chai, na uso wake ulikuwa unacheka, kwa macho kwanza.

Mtu mwingine angelia kwa furaha. Nzilani alilia, ndiyo, lakini aliniambia hakuwa na furaha hata kidogo saa ile. "Nilikasirika nikataka kupasua kitu," alisema. "Miaka ishirini na tisa, Kaveke. Miaka ishirini na tisa tumekaa na huyu mtu kama viti viwili sebuleni. Kumbe alikuwa humu ndani wakati wote, na mimi pia nilikuwa humu ndani. Nani alituambia tuache?"

Tangu siku hiyo walicheza kila siku saa nne, kipindi kikianza. Walifunga mlango wa mbele, wakacheza sebuleni, meza imesukumwa ukutani. Mulwa akaanza kulala usingizi wa kutosha. Akaanza kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Akaanza kuongea, yule mzee ambaye sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ya kunong'ona alianza kumkosoa mkewe, kwamba anaharakisha, kwamba anasikiliza ngoma badala ya gitaa. Wakagombana juu ya hilo kama watu wa miaka ishirini. Nzilani naye, ambaye magoti yalikuwa yamemkaza, akaanza kupanda njia ya shamba bila kusimama pale kwenye kona ambapo sisi wote husimama.

Walipokwenda kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliona tofauti kabla hajaambiwa. Anaitwa Wanjiro, ni mtu wa Murang'a, ana kama miaka arobaini, na haongei mengi.

"Mzee amekuwa akifanya nini?" aliuliza.

Nzilani akatazama chini. Alikuwa na haya, hebu fikiria, Nzilani na haya. "Tunacheza kidogo. Na bwanangu."

"Kucheza vipi?"

"Dansi. Ile ya kushikana."

Wanjiro akaweka kalamu chini. Akawaeleza kwamba ubongo wa Mulwa umepoteza ile saa ya ndani inayoambia mguu uende sasa, na muziki unamkopesha saa nyingine. Na mtu anayekushika anakukopesha mizani. Tena unapocheza na mtu huwazi miguu, unamwaza yeye, na miguu inapata nafasi ya kwenda. "Nyanya yangu alikuwa anacheza mwomboko na babu mpaka wakafika miaka themanini," alisema. "Hatua mbili, kisha kupinda. Msiache. Mkiacha nitajua."

Sasa nakuja kwenye sehemu yangu.

Kasyoka alikwenda kwa kaka yake siku moja kuazima chekecheke ya unga. Alisikia muziki, akachungulia dirishani, akatoa simu. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Aliona kitu cha kuchekesha, akakipiga picha ya video, akaituma kwenye grupu la akina mama wa kanisa, na chini yake akaandika: Wazee wetu wamerudi ujana. Akaweka na zile nyuso za kucheka machozi. Video ilikuwa ya nusu dakika. Mulwa anaonekana mgongo, mkono wake kwenye kiuno cha mkewe. Nzilani kichwa kimelala kwenye bega lake.

Mchana ilikuwa kwenye simu za watu wa mji wa Wote. Jioni ilikuwa kwa mchungaji.

Kamati ya kanisa ilikaa. Nilikuwa ndani. Mtu mmoja alisema pengine ni mazoezi, akaulizwa kama mazoezi hufanywa kwa muziki wa baa. Mwingine alisema vijana wanauliza, ikiwa mzee wa kanisa anacheza dansi, sisi tunakatazwa kwa nini? Mimi nilijua habari ya jikoni. Nilijua habari ya Wanjiro. Nzilani alikuwa ameniambia yote tukipepeta maharagwe. Nilikuwa na midomo na sikusema neno. Nilipoambiwa niandike barua ya kuwaita, nikaiandika, kwa mwandiko mzuri, na nikaweka muhuri.

Walikuja Jumapili baada ya ibada. Nzilani alikuwa amevaa sare ya akina mama, kitambaa cheupe kichwani. Mulwa walimpa kiti. Mchungaji Nyamai si mtu mkali. Alikuwa amefunga na kumwombea Mulwa alipougua, siku tatu bila chakula, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Alianza kwa upole.

"Mama, hakuna anayekataza mazoezi. Mzee atembee, anyooshe mikono. Lakini ile tuliyoona si mazoezi. Pale kuna kushikana."

"Nilishikana na bwanangu, mchungaji. Ulitaka nishikane na nani?"

Mtu alikohoa. Mchungaji akasema, "Tunazungumza juu ya mfano, mama. Mzee wa kanisa ni mfano."

"Mfano wa nini? Wa kuganda mlangoni? Mlimwona akiganda hapa hapa kwenye mlango wa kanisa, mkapita kando yake kwenda kunywa chai. Nani kati yenu alimshika? Hebu inua mkono, wewe uliyemshika."

Hakuna mkono ulioinuka. Hata wangu.

"Mama, punguza hasira," mzee mmoja akasema.

"Sipunguzi! Mnaita watu hapa kwa barua yenye muhuri kama wezi wa mbuzi, halafu mnataka hasira ndogo? Daktari amesema anacheza ndipo anatembea. Mnataka asitembee ili nyinyi msione aibu?"

Hapo ndipo Mulwa alipoinua mkono, ule unaotetemeka. Watu wakanyamaza, maana sauti yake inataka kimya. Akasema, "Naomba msamaha. Haitarudiwa."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika kama wa Nzilani ulivyobadilika. Akafungua kitambaa kichwani, akakiweka mezani mbele yangu, juu ya daftari langu la kumbukumbu, akatoka. Hakumngoja.

Mchungaji aliomba, wakatawanyika, na mimi nikaachiwa Mulwa nimpeleke nyumbani, kwa sababu njia ni moja. Tulifika kwenye lango la kanisa akaganda. Nilimwambia, haya mzee, tuende. Nilimvuta. Nilimsukuma kidogo, nikaogopa. Niliomba kwa sauti. Watu walipita, wakatusalimu. Tulisimama pale, jua la saa nane linatuchoma, na alikuwa anatetemeka mpaka meno. Nilikuwa sijawahi kukaa naye hivyo, karibu, nikasikia jinsi mtu mzima anavyohangaika ndani ya mwili wake bila hata unyayo kusogea.

Nzilani alirudi. Alikuwa amefika kwake, akaona hatujafika, akapanda tena kilima chote. Hakunisalimu. Alisimama mbele ya mumewe, akanyoosha mikono yake miwili, tayari.

Mulwa akatikisa kichwa. "Nimeahidi," akasema.

"Umeahidi wao. Mimi uliniahidi mapema zaidi."

"Nimeahidi kanisani, Nzilani."

Akashusha mikono. Mwishowe wanaume wawili walimbeba, mmoja kwapa hili, mmoja kwapa lile, miguu ikiburutwa njiani kama ya mlevi. Nzilani alitembea nyuma yao mpaka nyumbani, na watu waliokuwa kwenye duka la kona walisimama kutazama.

Hakumsemesha kwa majuma matatu. Alimpa chakula, alimpa dawa kwa saa yake, alimwogesha, bila neno. Redio aliizima. Mimi nilikwenda mara mbili nikamkuta analima, na mara zote mbili aliendelea kulima. Mulwa akarudi nyuma haraka, kama mtu anayeteremka kilima. Juma la nne alianguka kwenye ngazi za mawe akielekea chooni. Akavunjika mkono na kupasuka juu ya jicho.

Hospitalini Wanjiro alimtazama, akamtazama Nzilani. "Mmeacha," akasema. Hakuuliza.

Nzilani alipasuka. Nilikuwepo, nimebeba thamosi ya uji. Alipaza sauti mle ukumbini mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni ya maabara wakageuka. Alimtaja mchungaji, alimtaja Kasyoka na simu yake, akanitaja mimi kwa jina la baba yangu na muhuri wangu. Muuguzi mmoja alikuja kumnyamazisha, naye akaambiwa yake. Kisha akamgeukia Mulwa, aliyekuwa kitandani na bendeji kichwani, na ile kelele yote ikashuka ikawa kitu kigumu.

"Kwa nini? Niambie tu kwa nini. Wangesema wao, ningepigana nao. Lakini ulisema wewe."

Maneno ya Mulwa sasa yalitoka kama mtu anayetoa mawe kisimani, moja moja.

"Nilijenga ile nyumba ya Mungu," akasema. "Wakinitoa, nani atanizika? Nitalala pale shambani bila hata wimbo. Niliogopa hilo. Niliogopa sana."

"Kuzikwa?" Nzilani akasema. "Unataka kuzikwa? Mimi nitakuzika! Nitachimba mwenyewe, nitaimba mwenyewe, na sauti yangu hiyo mbaya, hata leo ukitaka! Lakini si umetaka kuzikwa ukiwa umekufa? Sasa hivi unazikwa ukiwa unanitazama, Mulwa. Unazikwa kidogo kidogo, na mimi ndiye napewa jembe."

Mulwa alilia, na ni vigumu kutazama mtu akilia na uso usiosogea. Kisha akainua mkono mzima, akauacha hewani, kiganja kimefunguka. Nzilani aliutazama ule mkono kwa muda. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anatafuta kama hasira zake zitamruhusu. Hazikumruhusu. Aliushika hivyo hivyo, nazo zikiwepo.

Wanjiro alimsukuma Mulwa kwa kiti cha magurudumu hadi chumba cha mazoezi, akafunga mlango, akatoa simu yake. Hakuwa na nyimbo za Kikamba, alikuwa na za kwao. Nzilani akasema itatosha. Wakacheza hatua nane kati ya zile mashine, Mulwa na mkono kwenye plasta umewekwa juu ya bega la mkewe kama mzigo. Nane tu. Kisha akachoka wakamketisha. Lakini alitembea mwenyewe mpaka kitini.

Haya yote yana miaka miwili sasa. Mulwa si mzee wa kanisa tena. Hakutolewa kwa kelele. Jina lake lilikosekana tu kwenye orodha ya mwaka uliofuata. Siku aliyosikia, hakula. Naliandika hili kwa sababu watu wanaosikia habari hii hupenda kusema alifurahi kuwa huru. Hakufurahi. Iliuma, na inauma. Jumapili huketi nje ya nyumba yao akisikia kwaya ikivuka bonde.

Nami nilimpelekea Nzilani kitambaa chake, nikidhani nafanya jambo jema. Alikipangusia meza mbele yangu. Nikamwambia nimeacha ukatibu, nikamwomba msamaha, kwa maneno mengi niliyokuwa nimeyapanga njiani.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Kaa hapo basi, unywe chai. Bado nina hasira na wewe, na zitakaa. Lakini Alhamisi uje hospitali. Tumekosa mtu."

Maana Wanjiro alikuwa ameanzisha darasa. Kila Alhamisi asubuhi husukuma mashine kando, na watu huja na wenzao. Yuko mama mmoja aliyepigwa na kiharusi upande wa kushoto, anacheza na kaka yake. Yuko mwalimu mstaafu mwenye sukari, ambaye mkewe anasema hajawahi kumshika mkono tangu harusi. Na alikuwepo Nzioka, mzee wa miaka sabini aliyefiwa na mkewe, mwenye ugonjwa kama wa Mulwa, ambaye hana wa kumshika. Nzilani akanisukuma kwake mbele ya watu wote.

"Shika huyu," akasema.

Nilikuwa na miaka hamsini na sita, na sikuwa nimewahi kucheza na mtu maisha yangu yote. Nilijua kupiga makofi. Nzioka alinikanyaga mara nne wimbo wa kwanza, na mimi nilimkanyaga mara nyingi zaidi. Nilikuwa na aibu ya kufa. Kisha, sijui wimbo wa ngapi, nikasikia uzito wake ukiegemea upande, nikaegemea naye, na mguu wake ukatoka bila yeye kuutazama. Alicheka. Nikasikia kicheko changu pia, na kilinishtua, kwa sababu kilitoka chini sana, mahali ambapo sikujua pana kitu. Nilirudi nyumbani mgongo hauumi. Nilipopika usiku nilijikuta nahesabu hatua.

Na hapo ndipo mimi pia nilipoanza kukasirika. Nilikumbuka mama yangu, ambaye alikufa hajashikwa na mtu miaka ishirini isipokuwa wakati wa kuoshwa. Nilikumbuka wajane wote niliowaandikia majina kwenye daftari, ninaowajua kwa namba za viti, na kwamba tulikuwa tunawapelekea sukari na blanketi na kamwe hatukuwapa mkono dakika mbili nzima. Hasira ya Nzilani niliielewa ikiwa imenifikia mwenyewe.

Kasyoka alikuja darasani mara moja, akasimama mlangoni. Nzilani alimwona, akaendelea kucheza akiwa amempa mgongo. Kasyoka akaondoka. Amekuja mara nyingine tangu hapo. Huketi kwenye benchi, hashiki simu. Mchungaji akikutana nao njiani huwaamkia, na Nzilani humwitikia salamu, si zaidi. Mulwa humuuliza hali ya ukuta wa mbele, kama maji yanaingia.

Ugonjwa haukuondoka. Siku nyingine Mulwa haamki kitandani, na muziki hausaidii kitu. Wanjiro ametuambia itafika siku miguu haitasikia hata gitaa, na Nzilani alimwambia asirudie kusema hayo mbele yake.

Alhamisi iliyopita walikuwa wamefika katikati ya chumba wakasimama. Tukadhani ameganda. Nzioka akanishika mkono kwa nguvu.

"Nini?" Nzilani akauliza.

"Unaharakisha," Mulwa akasema, kwa ile sauti yake ndogo. "Sikiliza gitaa."

"Nasikiliza!"

"Unasikiliza ngoma."

"Miaka arobaini unaniambia maneno hayo hayo! Kama unajua sana, niongoze!"

Akamwongoza.